Kisima cha Bwana Mbaruku

Bwana Mbaruku, tajiri wa filamu, alikuwa na tabia ya kuponda hadithi za watu, kisha kuzitengeneza kwa jina lake. Siwatu alilijua hilo, akamwendea hivyo hivyo na hadithi yake.

"Nieleze kwa sentensi moja," alisema Mbaruku.

"Wanakijiji wa Kwamkole, wanaokufa kwa kiu, wanachimbiwa kisima, na maji yanabubujika kweli kweli mbele ya kamera."

"Dhaifu! Haina mvuto. Nenda zako."

Siwatu alishukuru kwa ushauri, akaondoka.

Kiangazi kilipokolea, Mbaruku alipeleka mitambo Kwamkole, akachimba mpaka maji yakaruka. Akiwa anapiga picha, alimwona Siwatu kwenye foleni.

"Usidai kitu hapa! Hadithi ni yangu."

"Ni yako kabisa, bwana," alijibu Siwatu akijitwika ndoo. "Mimi hapa ndipo kwetu. Nimekuja kuteka maji tu."