Beberu wa Baraza la Kizimbwi

Unageuza uso. Usikatae, nimekuona. Umesomewa tangu utotoni kwamba Mfalme Sulemani alikuwa na masuria mia tatu. Ukaitikia, ukafunga kitabu, ukaenda kula. Haya, nitajie jina la mmoja. Mmoja tu! Ngome zote zimejaa wanawake waliowazalia wafalme na kufikiri kwa niaba yao, na wewe unachokijua ni jina la farasi wa mfalme.

Ndiyo maana vijana wakisikia, "Mji usiomtaja mshika kamba huhukumiwa na mbuzi," humcheka mbuzi kwanza, kisha ndipo huuliza msemo umetoka wapi. Kaeni basi. Chanzo chake ni hiki.

Mji wa Kizimbwi ulikuwa na mfalme aitwaye Mwinyi Hatibu, mtu wa ndevu nzuri na kichwa chepesi. Watu wawili wakileta shauri, alisahau yupi ni yupi kabla hawajamaliza salamu. Hata hivyo sifa za hekima yake zilifika miji ya mbali. Siri ilikuwa nyuma ya kiti chake, nyuma ya pazia jekundu, alikokaa suria wake, Zafarani. Mkononi alishika kamba nyembamba ya usumba wa nazi iliyopita chini ya busati na kufungwa kwenye kidole gumba cha mguu wa mfalme. Akivuta mara moja, ni ndiyo. Mara mbili, ni la. Mfalme alifumba macho kama mwenye kutafakari, akangoja kidole kimwambie.

Mke wa ndoa, Mwana Shali, alikaa kando ya mfalme akimpepea kwa kipepeo. Hivyo ngome ile ilikuwa na mke mwenye kiti asiye na sauti, na suria mwenye sauti asiye na kiti.

Zafarani hakuwa mtu wa kusahau. Alikumbuka nani aliapa uongo mwaka wa nzige. Zaidi ya yote alikumbuka ahadi: avute kamba miaka mitatu, kisha mfalme asimame barazani, amwache huru na kuitaja kazi yake. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

"Bwana, kesho ni baraza kuu," alimwambia. "Ile ahadi?"

"Kesho kuna wageni, kipenzi."

"Mwezi uliopita ilikuwa mvua."

"Na mvua si ilinyesha? Nilikudanganya?"

"Basi niandikie waraka tu, kazi usiitaje."

"Nikikuacha huru, watauliza sababu. Nikiitaja sababu, watanicheka. Unataka bwana wako achekwe?"

"Sikutaka, Bwana," akasema Zafarani.

Kesho yake Vuai na jirani yake Ngwali walileta ugomvi wa beberu mmoja mkubwa. Desturi ya Kizimbwi ilikuwa mali yenye ugomvi ifungwe nyuma ya pazia mpaka hukumu itoke, asije mtu akatoroka nayo. Zafarani akamtazama beberu, beberu akamtazama Zafarani. Akamfungua, akaifunga ile kamba ya usumba kwenye mguu wa beberu, akamwekea majani ya muhogo mbali kidogo. Kisha akatoka kwa mlango wa ubavuni, akaenda kukaa mbele kabisa, kati ya wanawake wa mji.

"Mwinyi Mkuu, beberu ni wangu," alisema Vuai.

Mfalme akafumba macho. Kidole kikavutwa. "Ndiyo, ni wako." Kikavutwa mara mbili. "La, si wako."

"Basi ni wangu!" alidakia Ngwali.

"Ndiyo. La. Ndiyo... ndiyo kwa upande wa kichwa, la kwa upande wa mkia."

Kadhi akainama kumnong'oneza, "Hukumu hii ina kina, Mwinyi."

"Kina kirefu," mfalme akajibu, jasho likimtiririka ndevuni.

Ndipo beberu alipoyaona majani. Alivuta mara moja tu, lakini kwa nguvu zake zote. Mfalme akachomoka kitini, akateleza chali juu ya busati, mguu mmoja hewani, pazia likamwangukia. Mji mzima ukaona: kamba moja, mfalme ncha hii, mbuzi ncha ile.

"Mbuzi wa nani huyu?" alinguruma mfalme.

"Wa Ngwali!" alisema Vuai.

"Wa Vuai! Nilimwona akizaliwa kwake!" alisema Ngwali.

Bi Mosi, kizee muuza mafuta, alijishika kichwa. "Yarabi, kumbe tumekuwa tukihukumiwa na mbuzi?"

Zafarani akasimama. "Leo tu, bibi. Miaka tisa nilikuwa mimi. Kisima chako ulirudishiwa mwaka wa nzige, si ndivyo? Siku ile mfalme alikuwa amelala. Kilichokuwa macho ni kidole."

Mwana Shali alicheka mpaka kipepeo kikamdondoka. Kisha akatoa neno lake la kwanza barazani: "Mwache huru." Baraza zima likaitikia.

"Haya, haya! Namwacha huru Zafarani."

"Zafarani hutiwa kwenye pilau, Bwana. Uliniita hivyo siku uliyoninunua. Mama yangu aliniita Tusekile."

"Tu... nani?"

Beberu akavuta.

"Tusekile! Tusekile!"

"Na kazi aliyoifanya?" aliuliza Mwana Shali.

Beberu akavuta tena.

"Alihukumu yeye! Mimi nilitoa kidole tu!"

Kadhi akaandika waraka palepale. Tusekile alitoka ngomeni na waraka wake mkononi na beberu nyuma yake, maana mwenyewe hakupatikana mpaka leo.

Sasa wewe. Usifunge kitabu ukaenda kula. Nyumbani kwako, kazini kwako, hapo unaposali, yuko mtu nyuma ya pazia anayevuta kamba, na mwingine anapigiwa makofi. Unamjua. Nyanyuka, mtaje mbele za watu, kwa jina alilopewa na mama yake. Usiniambie kesho kuna wageni. Ni leo, sasa hivi, kabla majani ya muhogo hayajaonekana: mji usiomtaja mshika kamba huhukumiwa na mbuzi.