Debe la Bwana Wembe

Haya, wajukuu, nitoe kisa nisitoe?

— Toa, bibi!

Kale, kale ile ambayo hata mimi sijafikiriwa kuzaliwa, Wazungu waligombana kwao, wakaona kwao hapatoshi, wakaja kupigana kwetu Taita. Hiyo ni adabu?

— Si adabu, bibi!

Basi kikaja kikosi cha Waingereza wa kujitolea. Mmoja mwoka mikate, mmoja fundi saa, mmoja mcheza sarakasi. Hakuna aliyewashurutisha, jamani! Baba yangu Mghanga na kaka yake Mwadime wao walikamatwa shambani, wakatwikwa masanduku ya risasi.

Mkubwa wa kikosi wapagazi walimwita Bwana Wembe. Alikuwa na desturi moja: kila asubuhi, iwe mvua, liwe jua, lazima ndevu zinyolewe. Wakatembea nyikani. Siku ya kwanza maji kidogo, siku ya pili kidogo zaidi, siku ya tatu likabaki debe moja.

"Hilo la kunyolea," akasema Bwana Wembe. Na nyika nzima hakuna wa kumtazama ila swala!

Asubuhi hiyo baba akaanguka, ulimi umevimba. Mwadime akamwendea Bwana Wembe, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu.

"Bwana, mdogo wangu anakufa. Naomba maji."

"Desturi ni desturi!"

 Mwadime akalibeba debe, akaenda nalo hadi alipolala baba. Bwana Wembe mbio nyuma yake, povu linaruka!

"Rudisha, au nikupige risasi!"

"Nipige, bwana. Ila risasi zenyewe zimo kwenye sanduku la huyu. Akifa, utalibeba wewe."

Lo! Bwana Wembe akalishika sanduku. Akavuta, akavuta. Halikusogea. Akawageukia watu wake wa kujitolea. Wote wakatazama viatu, hakuna aliyejitolea.

"Mpe anywe," akasema, akajifuta povu.

Vita vikaisha, wakaandika kitabu kinene cha sifa za kikosi. Mwalimu wa misheni alitusomea. Mwadime hayumo, baba hayumo. Siku ile ina mstari mmoja: "Maji yalipotea njiani." Niliudhika, nusura nikichane.

Hayakupotea! Aliyanywa baba yangu, nikazaliwa mimi, akazaliwa mama yenu, mkazaliwa nyinyi mnaonimalizia ugali. Mwenye kiu apewe maji, wajukuu, ndevu zingoje.

Nimetoa, kimetoka. Aliyesikia akamsimulie asiyesikia.