Mtihani wa Lugha Bwawani kwa Fisi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa bwawa!"

"Na mlangoni?"

"Mwenye meno!"

Basi, kiangazi kilikausha chemchemi zote za majabalini. Bi Pimbi, mnyama mwenye maneno kuliko mwili, akawachukua wanawe wawili, tepe tepe, mpaka bwawa la Fisi. Ndimi zao zilikuwa zimekauka kau!

"Hodi!"

"Hapa hanywi mtu asiyejua lugha ya wenyeji," akasema Fisi. "Kesho asubuhi nitakutahini mbele ya wanyama wote. Ukishindwa, wanao nitawalea mimi." Akajilamba midomo.

Bi Pimbi aliogopa, msiambiwe na mtu. Akajibanza mateteni, akajaribu kucheka kifisi. "Hii... hii..." Wapi! Mara akasikia chini ya matope: kro, kro.

"Nani huyo?"

"Sss! Ni mimi, Chura. Fisi ametukataza kusema, eti tunamharibia usingizi. Hata wajukuu zangu siku hizi wanacheka kama yeye."

"Shikamoo, bibi. Kwani nyinyi mlikuja lini hapa?"

"Marahaba. Kuja? Sisi hatukuja. Aliyekuja ni yeye, mwaka wa njaa, ameufyata mkia."

Bi Pimbi akasogea karibu. "Bibi, nifundishe."

Asubuhi wanyama wakajaa. Fisi akapanda kichuguu. "Naapa! Asiyejua lugha ya wenyeji hanywi maji haya!"

"Yeyote, bwana?"

"Yeyote!"

Bi Pimbi akavuta pumzi. "Kro! Kro! Kro!"

Fisi akaangua kicheko: hii-hii-hii! "Lugha gani hiyo?"

Matope yakajibu. Kro! Kro! Bwawa zima, kro! Vyura wazee waliofumba vinywa miaka na miaka wakatoa vichwa, wengine wanalia kwa furaha. Bi Pimbi naye akatokwa na machozi.

"Amefaulu," akasema Bibi Chura. "Zamu yako, Bwana Fisi."

Fisi akafungua kinywa. "Hii... hii..."

Nyati, aliyesikia kiapo kwa masikio yake, akakwaruza ardhi kwa kwato: kwaru, kwaru. Fisi hakungoja kuaga. Wana wa Pimbi wakainama, wakanywa, gu gu gu, mpaka matumbo yakawa ngoma.

Hata leo, mkisikia huko porini "Uuu-wii!", ni Fisi, anadurusu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: jifunzeni lugha ya mwenye meno. Hizi za matopeni hazimpi mtu maji. Ndivyo asemavyo Fisi; nanyi mmesikia ni nani aliyekunywa.