Hodi ya Upepo

Zamani hizo, chombo kikishatia nanga kilitulia tuli kama chungu juu ya mafiga. Upepo ulikuwa mzee wa adabu: ukikuta mtumbwi mbele hupiga hodi, wenyewe huitikia karibu, nao hupita ubavuni ukaenda zake.

Basi Nyanjige akajifungua Masalu, mtoto wake wa kwanza. Siku ya kumpeleka kwao kisiwani, ng'ambo ya ziwa, wapiga kasia wakachoka njiani. Wakatosa jiwe la nanga karibu na miamba, wakaogelea ufukoni kutafuta kuni. Mtumbwini akabaki Nyanjige, mtoto, na mama mkwe wake, Bi Kagere, aliyekuwa akisinzia.

Upepo ukaja. "Hodi!"

Moyo wa Nyanjige ukalipuka. Mtoto ndiyo kwanza amelala, na ni nani huyu, na anataka nini, na je, akimchukua? Akamfunika Masalu kwa mbeleko, akabana pumzi. Alidhani mgeni asipojibiwa huondoka. Haondoki, huzunguka nyumba! Upepo ukaenda kulia, "Hodi!" Mtumbwi, kwa malezi yake mema, ukageuka kumtazama mgeni. Ukaenda kushoto, "Hodi!" Mtumbwi ukageuka tena. Kulia, kushoto, kulia, na kila ukigeuka kamba ya nanga inasagika mwambani, nyuzi zinakatika moja moja.

Bi Kagere akazinduka. "We mkamwana! Ulipoolewa ulimi uliuacha kwenu? Mjibu mgeni!"

"Mama, ataingia!"

"Anazunguka kwa kuwa haoni mlango. Mwonyeshe!"

Nyanjige akausimika upondo, ule mti wa kusukumia chombo, nyuma ya mtumbwi, akaitanda mbeleko hapo kama pazia, ikifuata urefu wa chombo. Akaiachia majini kamba yote ya nanga iliyobaki mtumbwini. Kisha akapaza sauti: "Karibu, babu! Huko nyuma penye pazia ni chumba cha mzazi, hapaingiliwi! Mlango uko mbele, na mwanangu Masalu amelala, pita polepole!"

"Kumbe kuna mzazi?" upepo ukacheka. "Hongera, Mama Masalu."

Ukaisukuma mbeleko mpaka pua ya mtumbwi ikauelekea, ukagawanyika pande mbili, ukapita. Mtumbwi ukabaki ukitikisika kidogo tu, kama mtu anayebembeleza.

Ila upepo ni mzee, husahau mlango uko upande gani. Na tangu siku hiyo hupiga hodi kila ubavu, na vyombo vilivyotia nanga huyumba vikimtafuta mgeni yuko wapi. Mwenye kujua huongeza kamba, akatanda kitambaa nyuma. Na mwenye mtoto mchanga chomboni hangoji hodi ya pili.