Kisanduku cha Mnadani

Kuna watu ambao shaka huwakaa kama mafua: yakiondoka leo, kesho yamerudi. Nesta wa Tunduma, mama yake Erica, alikuwa mmoja wao. Mchele aliopimiwa sokoni aliupima tena nyumbani. Mchungaji akikohoa katikati ya mahubiri, yeye alijiuliza ni jambo gani linafichwa. Mumewe, Clement, alikuwa amekwisha mzoea.

Mwaka 2013, ofisi moja ya uwakala wa forodha karibu na mpaka ilifungwa na vitu vyake vikanadiwa. Nesta alirudi kutoka mnadani na kompyuta nne zenye vioo vya visogo virefu, robota la nyaya, na kisanduku kizito cha kijivu cha kuunganishia kompyuta, kile ambacho mafundi hukiita habu. Kilikuwa cha zamani kuliko simu yoyote iliyokuwa mtaani. Nyumbani tayari kulikuwa na ruta mpya nyeupe ya kampuni ya simu. Nesta alitaka wazee hao na kijana huyo wafanye kazi pamoja, ili chumba cha uani kiwe mahali pa vijana kuomba vyuo na madereva wa malori kuwaandikia jamaa zao.

Fundi hakutafutwa mbali. Ambilikile, kijana wa kijiji cha Mbebe aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi, alikuwa amemposa Erica. Jembe la posa, ambalo kimila hupelekwa kwa kina binti kufunga uchumba, lilikuwa limekwisha pokelewa, na harusi ilingoja mavuno tu. Erica alimpenda kijana yule kwa moyo wake wote, wala hakulificha jambo hilo.

Ambilikile alikikagua kisanduku, akamwambia Erica, "Mwambie mama kwamba hiki ni cha zamani. Nitakiunga na kitafanya kazi, lakini kwa mwendo wake. Watu wakiwa wengi kitaelemewa. Afadhali tutafute kipya."

"Ahaa, anataka akichukue yeye!" Nesta alijibu alipoletewa ujumbe. "Mwambie aunge hichohicho."

Hawakusemezana mdomo kwa mdomo kwa sababu kijana alilelewa kimila. Kwao, mama mkwe hatazamwi usoni. Nesta alipoingia kwa mlango huu, Ambilikile aliinamisha macho na kutokea mlango mwingine. Mwanzoni jambo hilo lilimfurahisha Nesta, akajisifu kwa majirani kwamba amepata mkwe mwenye adabu. Fundi alishinda kutwa akifunga vichwa vipya kwenye nyaya kuukuu, na ilipofika alasiri kompyuta zote zilikuwa zinapata intaneti. Hakudai hata senti.

Wiki iliyofuata watu walijaa. Vijana wawili wakawa wanatazama filamu iliyohifadhiwa katika kompyuta ya meza ya pili, na intaneti ikaanza kusota.

"Bamayo, intaneti yenu leo inatembea kwa magoti!" alilalamika mfanyabiashara mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Nesta alizunguka nyuma ya meza. Hapo aliona jambo lililomsisimua mwili: kompyuta ya pembeni haikuwa na mtu, lakini taa yake ya kijani kule nyuma ilikuwa ikikonyeza. Inakonyezana na nani? Na kwenye kisanduku, taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzimika mfululizo. Papo hapo akaunganisha mambo. Kijana amefanya kazi bure. Kijana hamtazami. Kijana humkimbia kila anapoingia. Adabu yote ikageuka ushahidi.

"Anaivuta intaneti yetu kwenda kibandani kwake," alimwambia mumewe. "Asiye na hatia hutazama watu usoni."

"Mama Erica, yule anakuheshimu."

"Heshima gani ya miaka hii!"

Alifuata nyaya zote kwa mkono, kisha akachukua jembe dogo na kuchimba chini ya ukuta akitafuta waya uliofichwa. Alipata kiatu cha mtoto kilichooza. Kukosa waya hakukumtuliza hata kidogo. Alisema mwizi hodari haachi nyayo.

Ambilikile alipokuja kuwasalimia, Nesta alimsimamisha mlangoni mbele ya wateja. "Intaneti yangu unaipeleka wapi? Nitazame usoni unijibu!"

Kijana alizidi kuinama. "Erica, mwambie mama..."

"Sikumuuliza Erica! Niambie mwenyewe, mwizi wee!"

Ambilikile alirudi nyuma hatua moja. Alikunja mfuko wake wa bisibisi akaondoka. Kesho yake Nesta alimwita mshenga, mzee Damiano, akamkabidhi lile jembe la posa alirudishe. Erica alilia hadi sauti ikamkauka. "Mama, umeniua," alisema, kisha akajifungia chumbani.

Intaneti haikuongeza mwendo. Ndipo akaletwa fundi mwingine, Lusubilo wa Vwawa. Huyu hakukawia. Alichukua kompyuta moja, akaichomeka kwenye ruta bila kupitia kisanduku, na kurasa zikafunguka bila kusuasua. Alipoirudisha kwenye kisanduku, mwendo ukawa uleule wa magoti.

"Mama, habu za zamani ndivyo zilivyo," alieleza. "Kompyuta moja ikisema, hiki hupaza sauti kwa zote. Ndiyo maana taa inakonyeza hata pasipo na mtu. Wawili wakisema pamoja, maneno hugongana, wanaanza upya. Hiyo nyekundu ni ya kugongana."

"Hakuna waya unaokwenda nje?"

"Uende wapi? Aliyefunga hapa amefanya kazi safi."

Nesta akaketi kwenye benchi. Aibu ilimwingia hadi kwenye mifupa. Alijitanda kanga, akaenda kibandani kwa miguu yake mwenyewe bila kupitia kwa mshenga.

Ambilikile aliinua uso, akamtazama macho kwa macho kama alivyomtazama mteja yeyote. "Karibu, mama. Una simu ya kutengeneza?"

Nesta akatambua kwamba kwa kijana huyo yeye si mama mkwe tena. Mtazamo huo aliudai mwenyewe. "Mwanangu, nimekukosea. Nakuomba ulirudishe jembe."

"Nimekusamehe, mama. Na Erica bado nampenda. Tumekutana, tumelia pamoja. Lakini siku kijiko kitakapopotea kwenu, nitatazamwa mimi. Maisha hayo siyawezi."

Nesta alirudi nyumbani taratibu. Erica alikuwa akifua uani, na hakumuuliza mama yake chochote, maana jibu alikuwa nalo tangu jana. Nesta alitaka kumshika bega, mkono ukamwishia njiani. Kijana aliyefukuzwa hakuwa na kosa, na chenye kosa Nesta alikinunua mwenyewe kwa hiari yake. Usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake.