Bukoba hadi Kigali kwa Mabawa Mafupi

Wenye masikio mpo?
— Tupo, na tumeyasafisha!
Niwarushe?
— Turushe, usitudondoshe!

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, manyunyu yamekatika Bukoba na senene wametapakaa uwanja mzima. Bi Mbayuwayu, mama wa makinda wanne wenye njaa, akaokota senene wa kwanza. Vuuu! Mwewe akamnyang'anya. Akaokota wa pili. Vuuu! Mwewe akamnyang'anya.

"Senene wote wa uwanja huu ni wangu," alisema Mwewe, mdomo umejaa.

"Wote, Mheshimiwa? Hata wa makinda?"

"Hata wale wanaowaota! Mwenye mbio ndiye atakayekula hapa."

Bi Mbayuwayu alikuwa msafiri. Aliijua miji, na zaidi ya miji alizijua saa zake: Kigali ikigonga saa moja, Bukoba imekwisha kugonga saa mbili. Akainamisha kichwa.

"Basi tushindane, Mheshimiwa. Bukoba na Kigali, kilomita mia mbili na ushei. Mmoja aanzie huku, mwingine kule. Atakayetumia muda mfupi atwae uwanja."

"Na atakayeshindwa amnyonyolee mwenzake senene, mabawa na miguu, msimu mzima!" Mwewe akacheka. "Kigali iko mlimani. Mimi nitaanzia kule, niteremke. Wewe utapanda."

"Utaniua, Mheshimiwa!"

"Panda!"

"Na muda tuupimeje? Kwa jua?"

"Jua halina mishale! Saa ya soko la kila mji ndiyo itakayosema. Sitaki ubishi."

Bi Mbayuwayu akaguna kama aliyeonewa, huku moyo unamcheza ngoma.

Jumatano Mwewe akaenda Kigali, akalala fofofo. Alhamisi, saa ya Bukoba ilipogonga saa moja asubuhi, Kunguru, karani wa shindano aliyeyaandika masharti tangu Jumanne, akalia: "Kwaa!" Bi Mbayuwayu akaruka, firi-firi-firi. Saa ya Kigali nayo ilipogonga saa moja, Njiwa, karani wa kule, akalia: "Kuu!" Mwewe akaruka, vuuu. Huyu akapanda, firi-firi-firi. Yule akateremka, vuuu. Wakapishana juu ya Mto Kagera.

"Bado uko hapa, mama? Nitakusalimia makinda!"

"Wasalimie, Mheshimiwa! Waambie mama anajikongoja."

Mwewe alitua Bukoba saa tano kamili ya Bukoba. Bi Mbayuwayu alitua Kigali, ulimi nje, saa nne kamili ya Kigali.

Ijumaa akarejea pamoja na Njiwa. Kunguru akafungua daftari.

"Mwewe: kuondoka saa moja, kufika saa tano. Muda, saa nne. Bi Mbayuwayu: kuondoka saa moja, kufika saa nne. Muda, saa tatu."

"Uongo!" Mwewe akafoka. "Mimi niliruka muda mfupi! Jua ni shahidi wangu!"

"Jua halina mishale," Kunguru akasoma. "Ni maneno yako, bwana. Nimeyaandika."

"Na saa yetu ni nzima kabisa," Njiwa akaongeza.

"Chii! Chii!" makinda wakashangilia. "Baba mkubwa, tunyonyolee!"

Mwewe akaketi mkekani, akaanza kunyonyoa.

Basi, wasikilizaji, funzo ni hili: atakaye kufika mapema na awe na mabawa makubwa, tena achague mteremko. Anayebisha akamuulize Mwewe, ila asimcheleweshe, ana kazi.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyesinzia asimuliwe na jirani. Hadi Ijumaa hiyo jua linatua, senene walionyonyolewa walikuwa mia nne na kumi na saba.