Harusi Iliyokosa Mchezaji wa Nane

Paukwa!

Pakawa!

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Basi zamani, zamani sana, kwenye vilima vya Uskoti, nchi ya ukungu na kondoo, palikuwa na kijiji. Kijijini humo aliishi Bibi Morag, kikongwe mpiga zumari ya mfuko. Mnaijua? Ni mfuko wa ngozi. Unaubana kwapani, unaujaza pumzi. Mirija mirefu inavuma, vuuuuu. Mrija mfupi ndio unaoimba, ti-ri-li, ti-ri-li. Mvumo hutangulia, wimbo hufuata.

Mtoto akizaliwa, vuuuuu. Mavuno yakiingia, vuuuuu. Hapakuwa na sherehe bila Bibi Morag.

Ikaja harusi ya Una, binti wa Lachlan. Desturi ya pale, harusi hufunguliwa kwa ngoma ya ndugu wanane. Kila mmoja humshika mwenzake mkono, wakazungushana. Nafasi moja ilikuwa ya Tormod, baba mdogo wa bibi harusi. Lakini Tormod na kaka yake Lachlan walikuwa hawasemezani, tangu walipogombania malisho ya marehemu baba yao.

Tormod alikuja. Akasimama mlangoni, kofia kichwani, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Bibi, anza," akasema Lachlan. "Tutacheza saba. Mahali pa wa nane wekeni kigoda."

"Kigoda hakina mikono, Lachlan."

Una akamwinamia kikongwe, machozi yakimlenga. "Bibi, baba mdogo akiondoka leo bila kucheza, hatakanyaga kwetu tena."

Bibi Morag akabana mfuko. Vuuuuu. Wachezaji wakanyanyua visigino. Vuuuuu. Wimbo hauji. Vuuuuu. Uso wa kikongwe ukaiva, ukawa mwekundu, ukawa zambarau. Mvumo haukatiki, wimbo hauji, na macho yake hayambanduki Tormod.

"Jamani, bibi atakufa!"

"Tormod, ingia! Utamuua bibi wa watu!"

Tormod akavua kofia, akaingia.

Ti-ri-li! Ti-ri-li! Tapu-tapu, viatu sakafuni. Wakazungushana, wakapokezana, mpaka ndugu wawili wakakutana. Lachlan hakushika mkono. Alishika ncha ya koti la ndugu yake, kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa panya mfu. Na ngoma ile haina huruma. Wakazunguka, wakazunguka, koti likamchopoka. Lachlan huyooo! Puu! Ndani ya pipa la maziwa ya mgando.

Zumari ikanyamaza.

Tormod akamtazama. "Kaka, umeshaanza kula? Wageni hatujakaribishwa bado."

Lachlan akajifuta macho. Mabega yakaanza kumtikisika; kumbe anacheka. Akanyoosha mkono, mweupe mpaka kiwikoni. Tormod akaushika sawasawa, akamvuta.

"Ee, hivyo," akasema Bibi Morag, akihema. "Tuanze upya. Na safari hii sina pumzi ya kuwabembeleza."

Ugomvi wa malisho haukwisha siku ile. Walikaa kesho yake, wakabishana, wakapandishiana sauti, wakagawana. Lakini walikaa.

Bibi Morag alikufa zamani. Mimi namkumbuka kwa jambo hili: wagombanao hakuwaambia wapendane kwanza. Aliwapa shughuli isiyofanyika bila mikono yao wote wawili. Upendo aliuachia uje kwa wakati wake.

Hadithi yangu naitua hapo.